Mjumbe Aliyebaki Hemani

Matiliku,
2 Machi 2025

Kwa Mjomba Jonah,

Leo ni Jumapili, tarehe mbili Machi, na kabla sijaandika neno lingine ninaahidi kwamba katika barua zangu nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo hayatanipendeza mimi mwenyewe. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua inayoficha ni afadhali isiandikwe.

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima na Kidato cha Tatu ninakiweza, isipokuwa hesabu. Mama ameniandikia kutoka Tulia kwamba mbaazi zake zinanunuliwa vizuri sokoni na kwamba paa la jikoni halivuji tena. Anauliza kama wale ng'ombe wako waliokuwa wakikohoa wamepona. Unisamehe kwa kukuandikia Kiswahili. Barua zetu zote husomwa na mwalimu wa zamu, zinazotoka na zinazoingia, na sheria ni Kiswahili au Kiingereza tu. Simu haziruhusiwi hata kuonekana.

Najua ungetaka nianze na Nyanya. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunakwenda ibada katika kanisa la sokoni, na kwa kuwa Anti Wavinya ni shemasi pale, naibu wa mwalimu mkuu huniruhusu kula chakula cha mchana nyumbani kwao. Leo nimemwona. Amekonda, lakini sauti ni ile ile. Ile nyonga aliyovunja alipoteleza kisimani kwako mwezi wa Oktoba bado inamuuma. Anti Wavinya anasema kila asubuhi Nyanya hudai anataka kuinuka. Hata mimi amenishika mkono akaniambia hivyo: anataka kuinuka, amechoka kungoja. Nimekuandikia hilo ili ufurahi kwamba bado ana nguvu za kutaka.

Ndugu yako, Mjomba Musyimi, mume wa Anti, hakukutaja. Lango lake siku hizi lina kufuli kubwa, hata mchana. Sikuuliza.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu Wanjiro, anayetufundisha historia, ameanzisha chama, na kila mwanachama atatoa hotuba kuhusu vita ambavyo havimo kwenye silabasi. Nilikumbuka ulivyokuwa ukituchorea ardhini kwa kijiti farasi wa Uchina, kama ulivyofundishwa na yule mpimaji wa reli. Nimejiandikisha: "Askari wapanda farasi wa Uchina katika mpaka wa kaskazini, enzi ya Tang." Cheryl, mwenzangu wa dawati, aliniuliza kama nimewahi kupanda farasi. Nikamwambia nimewahi kupanda punda. Akasema, "Basi jemadari wako ataingia vitani na mitungi ya maji."

Tafadhali niandikie yote unayokumbuka, hasa walivyoshinda.

Mpwa wako,
Nzisa


Ikutha,
21 Machi 2025

Nzisa mpwa wangu,

Barua yako imechukua siku kumi na sita. Ningemtuma punda angeshafika na kurudi, na pengine angeoa njiani. Salamu kwako, na salamu kwako pia mwalimu wa zamu unayesoma hii. Pole na kazi.

Huku mawingu yanapita tu yakisalimia. Ng'ombe wawili wamekufa, waliobaki wamepona. Wale punda ni wazima, punda hana aibu ya kula chochote. Nyumba ya mama nimeifagia, nimeupaka ukuta chokaa. Godoro nimeliweka juani. Sina la kuongeza hapo.

Kiswahili changu ni cha barabarani, wewe utakinyoosha. Andika haya.

Mzee Gao alikuwa mpimaji. Miaka mitatu nilimshikia ile fimbo yake ya kupimia, kutoka Kibwezi hadi Emali, na jua likizidi tulikaa kwenye kivuli cha lori akinisimulia. Alianza na ardhi. Kaskazini mwa Uchina kuna nyika isiyoisha, na huko walikaa Waturuki, wafugaji kama sisi wa Ikutha, ila mtoto wao alijua kupanda farasi kabla hajajua kuvaa suruali. Wachina walikuwa na mashamba na kuta. Mkulima akimfukuza mfugaji kwa miguu atakula vumbi lake tu. Kwa hiyo wafalme wa Tang walifanya jambo ambalo mkubwa hapendi kufanya, walijifunza kwa adui. Zamani farasi wao wa vita walivishwa deraya nzito, mavazi ya chuma. Waliwavua. Askari akabaki na deraya yake, farasi akawa mwepesi. Wakafuga farasi kwa maelfu, na katika safari ya mbio askari alikuwa na zaidi ya mmoja: huyu akichoka anahamia kwa yule.

Jambo la pili ni wakati. Jemadari Li Jing hakuvamia kwa sababu amekasirika. Alingoja. Miaka ile theluji iliua mifugo ya Waturuki kama ukame unavyoua yetu, na waliobaki walikuwa mifupa. Mwanzoni mwa mwaka 630, baridi ikiwa kali na majani hakuna, akaenda na wapanda farasi elfu tatu tu. Khan wao, yaani mfalme wao, hakuamini kwamba mtu angethubutu kufika na wachache hivyo. Akadhani jeshi zima liko nyuma, akahama haraka. Umeona? Farasi wengine walishinda bila kuwapo.

La tatu ni habari. Kabla ya farasi hutangulia macho. Jemadari hujua adui analala upande gani, nani hubaki kambini wakubwa wakitoka, na wakubwa hutoka lini.

Katika barua yako kuna neno moja ambalo nimelisoma mara nyingi mpaka karatasi imechoka. Sitalitaja hapa. Nakushukuru kwa kuliandika.

Na sasa nina ombi. Ukimwona Musyimi mwambie Jonah amekubali. Alipokuja hapa mimi nikiwa malishoni, akambeba mama bila kuniambia, niliumia. Yamepita. Mwambie mama akae huko, mimi nataka amani. Umwambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, wewe anakuamini.

Halafu niambie, bado wanakwenda lile kongamano la kanisa? Mwaka huu ni lini? Mama analala chumba kipi? Ni ya kujua tu.

Mjomba wako,
Jonah Nzau


Matiliku,
4 Mei 2025

Kwa Mjomba Jonah,

Natumai mvua imewafikia huko, kwa sababu huku imenyesha hadi viatu vyangu vikaota ukungu. Barua yako ilifika shule ikiwa imefungwa, kwa hiyo nimeipata wiki hii tu. Likizo ilikuwa njema. Tulipalilia, na Mama aliniruhusu kuuza peke yangu siku mbili za soko.

Nimefikisha ujumbe wako leo. Ninaahidi kueleza kila kitu, basi hivi ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tumemaliza kula. Nikasema, "Mjomba, nimetumwa." Akaweka kijiko chini. Nikamwambia maneno yako kama ulivyoyaandika, kwamba umekubali na kwamba unataka amani. Anti Wavinya alisema, "Bwana asifiwe," lakini Mjomba Musyimi alisukuma kiti nyuma. Alitoka nje. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikwenda langoni, akafungua lile kufuli, akarudi nalo mkononi na kulitupa kwenye kabati la vyombo. Akasema, "Tangu Oktoba sijalala kama mtu. Nikisikia gari nafikiri ni Jonah." Kisha akacheka, na mimi sijawahi kumwona akicheka kwa meno yote. Alisema uje siku yoyote.

Nilijivunia sana, Mjomba. Nilirudi shuleni nikitembea kama mtu mwenye cheo.

Maswali yako: kongamano ni mjini Wote, kuanzia Ijumaa tarehe 27 Juni hadi Jumapili tarehe 29. Mjomba na Anti watakwenda pamoja. Jirani yao, Mama Muthoki, atabaki na Nyanya, na kwa kuwa ni likizo yetu fupi ya katikati ya muhula nami nitakuwapo. Nyanya analala chumba cha upande wa tangi la maji, mlango wake unafunguka nje. Bado anasema anataka kuinuka.

Hotuba yangu ni tarehe 13 Juni. Nimeandika kuhusu deraya na kuhusu farasi waliokonda, na Mwalimu Wanjiro amesema ni kazi nzuri lakini haina mwisho. Je, khan alikamatwaje? Umeniacha na mbio bila kufika.

Mpwa wako,
Nzisa


Ikutha,
2 Juni 2025

Nzisa,

Salamu. Mvua ilikuja, ikatudanganya, ikaondoka. Mahindi yamefika kiunoni na yanafikiria kama yaendelee. Umefanya kazi yako vizuri kuliko nilivyotarajia. Sasa pokea mwisho.

Khan alipoona amebanwa alituma watu kuomba amani. Mfalme wa Uchina akakubali, na akatuma mjumbe wake, Tang Jian, hadi kwenye kambi ya khan. Khan akamkaribisha mjumbe hemani. Akapumua. Walinzi wakalegeza mikanda.

Li Jing aliposikia hivyo akasema, sasa ndiyo saa. Mjumbe akiwa ndani, khan hatatazama nje. Akachagua wapanda farasi elfu kumi na chakula cha siku ishirini. Mwenzake akamwambia, mfalme ameshaahidi amani, na mtu wetu yuko mle. Jemadari akajibu kwamba nafasi kama ile haipotezwi kwa ajili ya Tang Jian. Wapanda farasi mia mbili wakatangulia ndani ya ukungu. Ulipofunguka, walikuwa wameshakaribia hema, na khan hakuwa na la kufanya ila kurukia farasi wake na kukimbia. Lakini jemadari mwingine alikuwa ametangulia kuifunga njia ya jangwani. Huko kaskazini hakukupitika. Baadaye khan akakamatwa.

Mzee Gao alisema Li Jing aliitwa shujaa. Mimi namwelewa. Mtu akikuchukulia kitu kwa kuvizia, huwezi kukirudisha kwa kubisha hodi.

Mimi na Mwau, yule mwenye pikapu, tuna kazi yetu mwisho wa mwezi. Julai inakaribia, na kwenye vilima vyenu huko asubuhi haionekani hata pua ya ng'ombe.

Jambo moja. Likizo fupi usiende kwa Musyimi. Nenda kwa mama yako Tulia. Usiniulize kwa nini, na usimwambie mtu.

Jonah


Matiliku,
14 Juni 2025

Kwa Mjomba Jonah,

Nakusalimu, na leo sitakupa habari za mbaazi.

Jana nilitoa hotuba. Nilisimulia ukungu, wale mia mbili na ile njia iliyofungwa. Walipiga makofi. Kisha Mwalimu Wanjiro akauliza swali moja tu: "Yule mjumbe alijua?" Nikasema sijui. Akauliza, "Sasa alipoona farasi wa kwao wanakuja, alifanya nini na uso wake, akiwa amekaa karibu na mtu aliyemwamini?" Mimi nilikaa chini kabla ya kuambiwa nikae.

Pale pale, Mjomba, niliiona barua yako upya. Kufuli kabatini. Tarehe ya kongamano, niliyokupa mimi. Mlango wa upande wa tangi, niliokuonyesha mimi. Mwau na pikapu. Na "nenda Tulia." Umenituma kwa Mjomba Musyimi ili afungue lango, na amelifungua.

Baada ya masomo nilimwendea Mwalimu Wanjiro. Nilitaka kujua ni neno gani umelisoma mpaka karatasi ikachoka. Mimi huweka rasimu za barua zangu katika daftari, basi nilimpa ile ya Machi. Yeye ni mtu wa Nyeri, na lugha yao inakaribiana na yetu. Alisoma polepole, kisha akacheka.

"Kwetu," akasema, "mhubiri mgeni akisema kwa Kiswahili 'ndugu zangu, tuinuke', akina nyanya wa kiti cha nyuma wanachukua mikoba na kwenda zao. Wanafikiri ibada imekwisha."

Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, "Kwa Kikamba je? Kuinuka ni nini?"

Nikamwambia ni kwenda nyumbani. Nilikuwa ninalijua neno hilo tangu kuzaliwa, na sikuwa nimeliona.

"Lakini mimi niliandika Kiswahili," nikasema.

"Wewe uliandika Kiswahili. Mjomba wako alimsikia mama yake akisema Kikamba."

Basi nisome vizuri sasa, Mjomba. Neno alilosema Nyanya, siku ile na siku zote nilizomsikia, ni kuukila. Anataka kusimama. Anataka kutoka kitandani kwa miguu yake. Mimi ndiye niliyelitafsiri, na nililitafsiri sawasawa, na limekuwa kosa. Hakusema anataka kwenda nyumbani kwako.

Lipo na jingine. Tarehe mosi Anti Wavinya aliniambia daktari amekataza Nyanya asipakiwe kwenye gari kabla ya Agosti. Mfupa unaanza kushikana. Ukitikiswa kwenye barabara ukaachana tena, hatasimama maisha yake yote. Kutoka hapa hadi Ikutha ni saa ngapi za mashimo? Wewe unazijua kuliko mimi.

Sijamwambia Mjomba Musyimi. Nikimwambia ataita vijana wa sokoni, na nyinyi wawili hamtasemezana tena hadi mmoja wenu aandikiwe tanzia. Nisipomwambia na wewe ukaja, itakuwa mimi ndiye niliyewafungulia. Nimelala na jambo hili nikaamka nalo. Nimeamua hivi: sitakwenda Tulia. Nitakuwa Matiliku, na godoro langu litakuwa nyuma ya mlango wa chumba cha Nyanya. Huwezi kuufungua bila kunisukuma.

Mwalimu Wanjiro alinitafutia habari za Tang Jian. Alitoka mle kambini akiwa hai. Hatukupata mahali popote palipoandikwa alichomwambia jemadari wake walipokutana.

Mwalimu wa zamu leo ni yeye. Ataisoma hii, na amesema ataipeleka posta mwenyewe.

Nzisa


Ikutha,
20 Juni 2025

Nzisa,

Huku ni salama. Sijapata barua kutoka kwako mwezi huu, sijui ni posta au ni wewe. Ninapeleka ng'ombe upande wa Mto Athi hadi Alhamisi, huko hakuna mtandao wa simu. Nakuandikia kwa haraka ili nikukumbushe lile nililokwambia. Kama bado hujapanga, panga kwenda Tulia. Mama yako atafurahi.

Wewe ni mtoto mzuri. Hili halikuhusu.

Jonah


Matiliku,
29 Juni 2025

Kwa Mjomba Jonah,

Hii haitasomwa na mwalimu yeyote, ninaiandikia mezani kwa Anti Wavinya kabla sijarudi shuleni jioni. Niliahidi mwezi wa Machi kwamba nitaeleza kila kitu. Uliyoyaona unayajua. Nitakueleza uliyokuwa huyaoni.

Barua yako fupi niliipata siku ya kufunga shule. Nilielewa kwamba yangu haijakufikia. Alhamisi jioni na Ijumaa nilikupigia kwa simu ya Mama Muthoki, mara nne, na kila mara yule mwanamke akasema mteja hapatikani. Mjomba Musyimi na Anti walikuwa wameondoka Ijumaa asubuhi kwenda Wote. Alipokuwa akitoka, Mjomba aliniambia nisisumbuke kufunga lango, nifunge mnyororo tu kwa ajili ya mbuzi. Nilisema ndiyo. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa mchana, nikimwosha Nyanya miguu, nilimuuliza. Nilimwambia kuhusu neno langu na jinsi ulivyolisoma. Sikumwambia kuhusu pikapu, lakini Nyanya si mtu wa kuhitaji kuambiwa.

"Musyimi alinibeba kama gunia la mbaazi," akasema. "Nililia njia nzima, akafikiri ni maumivu. Sasa Jonah naye anataka zamu yake?"

Nikamkausha mguu mmoja, nikashika wa pili.

"Wamewahi kuniuliza? Hata mmoja? Wamegombana mpaka kanisani, na mimi niko hapa, nina masikio na nina mdomo."

"Basi nakuuliza mimi, Nyanya. Unataka nini?"

"Nataka kusimama. Nikishasimama nitakwenda nyumbani kwangu Ikutha, kwenye kuku wangu, lakini nitafika garini kwa miguu yangu na mlango nitaufungua mwenyewe. Kusimama kwanza. Huyo kijana wangu alikuwa na haraka gani?"

Kwa hiyo, Mjomba, hukukosea kabisa, na mimi sikukosea kabisa. Nyanya anataka kuinuka kwa Kiswahili kwanza, ndipo ainuke kwa Kikamba.

Jumamosi niliamka kukiwa na mwanga wa kijivu. Ukungu ulikuwa mzito hata tangi la maji lilikuwa halionekani, nalo liko hatua kumi kutoka mlangoni. Mama Muthoki alikuwa jikoni akiwasha moto. Nikasikia gari likipanda kutoka upande wa sokoni, polepole, halafu likazimwa. Mbwa alibweka mara moja na kunyamaza. Mnyororo wa lango ukalia.

Nilifungua mlango nikasimama kizingitini. Nilikuwa na ufagio, sikuwa na kitu kingine. Nilitaka kukuita jina, badala yake nikaushika ufagio kwa mikono miwili. Nyuma yangu Nyanya alikuwa macho, nilimsikia akipumua. Kisha nikasikia hatua kwenye changarawe, za mtu mmoja. Zilikuja, zikakaribia, zikasimama. Sikukuona. Sijui kama wewe uliniona. Nilimfikiria yule mtu ndani ya hema, akisikia kwato, na nilijua sasa alifanya nini na uso wake: hakufanya kitu, kwa sababu uso haukumtii.

Halafu hatua zikarudi. Mnyororo ukalia tena. Gari likashuka bila kuwashwa, likawashwa huko chini.

Ukungu ulipofunguka nilikwenda kuangalia. Alama za viatu vyako zilifika hadi kwenye tope la pale kwenye tangi, zikageuka. Mnyororo ulikuwa umefungwa vizuri kuliko nilivyoufunga mimi. Na pale kwenye tangi, imeegemezwa, palikuwa na fimbo nyeusi ya Babu, ile yenye kichwa cha ndege aliyoichonga mwenyewe.

Nilimpelekea Nyanya. Hakushangaa. Aliipapasa kichwa, akaweka ncha yake sakafuni, akaniambia nimshike upande wa pili na nisiongee. Akasimama, Mjomba. Alisimama kwa muda wa pumzi nne, mguu mmoja ukiwa mwepesi kama wa ndege. Kisha akaketi na kuomba chai, na akasema ina maji mengi.

Leo mchana Mjomba Musyimi amerudi. Aliiona fimbo kabla hajavua koti. Akaniuliza, "Hii imefikaje hapa?" Ningeweza kusema sijui. Nilimwambia yote: ujumbe wa amani niliouleta, maswali yako na majibu yangu, ukungu, kila kitu. Anti Wavinya alishika kichwa. Mjomba aliiacha chai yake hadi ikatanda utando.

"Alifika hadi wapi?" akauliza mwishowe.

"Hadi kwenye tangi."

Akatoka. Nilimfuata. Alisimama juu ya alama zako, ambazo zilikuwa zimekauka, akavua kiatu na kuweka mguu wake ndani ya unyayo wako. Ulibaki na nafasi mbele. "Tangu utotoni," akasema. "Viatu vyake nilirithi mimi nikavijaza vitambaa." Nilifikiri atacheka. Hakucheka. Akaingia ndani, akafungua kabati la vyombo, akatoa lile kufuli.

Sasa liko hapa mezani, karibu na mkono wangu. Hajalirudisha langoni na hajalirudisha kabatini. Ameniuliza swali moja, lile nitakalomalizia barua hii, na nimemwambia jibu unalo wewe. Amesema basi nikuandikie leo hii, atatuma mtu aipeleke hadi Ikutha, na kufuli litangoja hapo hapo hadi jibu lirudi.

Fimbo haituambii chochote. Labda uliileta kwa sababu ulijua Nyanya anataka kusimama. Labda uliipakia tu kwa safari yake, ukaisahau ulipogeuka. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Kama barua yangu ya tarehe 14 ilikufikia, basi uligeuzwa na mfupa wa Nyanya na neno nililokueleza, na nitafurahi kwamba niliandika. Lakini kama haikukufikia, basi ulikuwa umesafiri usiku kucha ukiamini mama yako anakulilia umrudishe nyumbani, lango liko wazi, ukungu uko upande wako, na bado ulisimama. Ningependa sana kumjua mtu huyo.

Nijibu kwa huyu huyu aliyekuletea barua, usiingoje posta: ulipofika kwenye tangi, ulikuwa umeshaisoma barua yangu?

Mpwa wako,
Nzisa